Mgeni wa Heshima Kwenye Mstari wa Mgomo

Ujumbe wa shule uliingia kwenye simu yangu Ijumaa alasiri, nikiwa kazini katika nyumba ya wazee, nimeshika taulo, na mzee mmoja ananisubiri nimkaushe mgongo. Walimu wangeanza kugoma Jumatatu. Ujumbe haukusema mgomo ungeisha lini. Nilimkausha yule mzee mgongo mara mbili bila kujua, mpaka akaniuliza kama kuna mtu amefariki kwetu.

Nataka kusema ukweli kabla sijaanza kujipamba. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kenya kwa miaka kumi na mmoja, na nimegoma mara mbili. Nimetembea barabarani na tawi la mti mkononi, nimeimba nyimbo za kumsema waziri, nimekimbia mabomu ya machozi nikiwa nimevaa viatu vya kanisani. Mtu angetarajia niseme, heko wenzangu, simameni imara. Sikusema hivyo. Nilichosema moyoni ni kwamba walimu hawa wananimalizia mtoto, na nikawachukia palepale, wote, kuanzia mkubwa wao wa chama niliyemwona kwenye televisheni hadi mwalimu wa michezo ambaye hakuwahi kunikosea.

Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka saba, darasa la pili. Nyumbani huongea tangu anapofumbua macho. Hubishana na kijiko, huwahadithia viatu vyake, humkosoa baba yake anavyokata kitunguu. Lakini tukishatoka nje ya mlango wetu wa ghorofa ya nane, pale mtaa wa Weston, anafunga mdomo na hafungui tena mpaka turudi. Tulipofika Toronto alikuwa na miaka mitano, na mwaka mzima wa darasa la kwanza hakutamka neno shuleni, hata la kuomba kwenda choo. Madaktari wana jina la hali hiyo, na kwa lugha yao jina hilo lina neno kuchagua ndani yake. Lilinikera sana. Ungemwona uso wake akiulizwa swali na mtu mgeni, jinsi macho yanavyotafuta mlango, usingesema kuna kitu anachagua.

Mwalimu wake wa darasa la pili alikuwa msichana mwembamba kutoka mji mdogo wa kaskazini, na nilipomwona mara ya kwanza nilimdharau. Nilidhani ni mwanafunzi wa mazoezi. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa na akili kuliko sisi sote. Hakumuuliza mtoto swali hata moja. Alikuwa akikaa naye kwenye meza fupi ya dirishani, anamsimulia habari za paka wake, na kila mara anajifanya amesahau jina la paka. Mwezi wa kumi na moja mtoto alichoka na usahaulifu huo, akamnong'oneza jina sikioni. Mwalimu alinipigia simu wakati wa mapumziko. Tulilia wote wawili kwenye simu kama wajinga, mimi nikiwa ndani ya basi.

Kufikia mwezi wa pili alikuwa anamsomea mwalimu mstari mzima kwa sauti ya chini. Lakini kulikuwa na jambo lililokuwa likininyima raha. Mwezi wa tano mtaalamu kutoka ofisi za elimu angekuja kumsikiliza. Kama mtoto asingeweza kusema lolote mbele ya mtu mzima asiyemzoea, kuanzia mwezi wa tisa angehamishiwa darasa maalumu katika shule nyingine, mbali, kwa basi dogo la asubuhi, na huko angeanza upya kabisa na watu asiowajua. Mwalimu aliniambia wazi, "Tumebakiza kidogo sana. Asikatishwe tu." Alisema hivyo Jumatatu, na Ijumaa ya wiki hiyohiyo ndipo ujumbe wa mgomo ulipofika.

Mume wangu alirudi kutoka ghala analofanyia kazi katika mji jirani wa Brampton akanikuta nimekaa gizani jikoni, sijawasha hata taa ya jiko. Nilimweleza. Alivua buti polepole, kisha akasema, "Si wewe ulikuwa unaimba barabarani? Hao nao wana watoto wao na shida zao."

"Najua," nikamwambia.

"Basi mbona uso uko hivyo?"

Niliinuka nikawasha taa. Kuna maswali ya waume ambayo ukiyajibu unaharibu jioni.

Jumamosi mwenyekiti wa wazazi wa kanisani akapiga simu. Huyu ni Mtanzania, mtu wa maneno mazuri na mipango mingi, na tangu nifike hapa hajawahi kuniita kwa jina lingine isipokuwa mwalimu. Wengine wananiita mama fulani, au dada, au hawaniiti. Yeye ananiita mwalimu mbele za watu, na mimi, nisiseme uongo, nilikuwa nalipenda jina hilo kupita kiasi. Vyeti vyangu vilikuwa vimekwama mwaka wa pili sasa, kwa sababu wanaosajili walimu hapa walitaka matokeo yangu yatumwe moja kwa moja na chuo nilichosomea, na chuo kilikuwa kimebadilisha jina na hakuna aliyejua faili langu liko kabati gani. Mtoto alijua hadithi hiyo kwa moyo. Nilimwambia mara nyingi kuliko ilivyofaa kwamba mama ni mwalimu, kwamba karatasi zikifika tu mama atafundisha shule kama yake, pengine hata shule yake yenyewe.

"Mwalimu," mwenyekiti akasema, "sisi tumekaa, tumeona tusingoje. Tunayo ile sakafu ya chini ya kanisa, viti vipo, ubao upo. Wewe upo. Watoto wetu ishirini na ushee watakaa nyumbani wakitazama simu mpaka lini? Hebu utufungulie shule."

Akaendelea kwa kirefu. Alisema shule za hapa si za wazazi tena. Wawakilishi tuliowachagua kwenye bodi ya elimu walikuwa wamewekwa kando na serikali ya jimbo, na msimamizi mmoja ambaye hakuna aliyempigia kura ndiye anayeamua. Hapo alinigusa. Mimi nilikuwa kwenye baraza la wazazi la shule ya mtoto, na mamlaka yote tuliyokuwa nayo ni kuamua piza iuzwe Ijumaa gani na nani aandike tangazo la chawa. Nimetoka mahali ambapo wazazi walibeba mawe mtoni kwa vichwa vyao kujenga darasa, na kwa sababu hiyo wakimkataa mwalimu mkuu wanakuja asubuhi na kufuli lao na kufunga ofisi. Si jambo zuri, kufuli hilo. Nimewahi kufungiwa nje nalo. Lakini huwezi kumuuliza mzazi wa namna hiyo kama shule ni yake.

Nikasema ndiyo. Nilipokata simu nikakumbuka jambo ambalo mwenyekiti hakulijua. Katika mgomo wangu wa pili kule nyumbani, wazazi walimleta binti mmoja aliyekuwa ametoka kumaliza kidato cha nne, wakamkalisha kwenye kiti changu. Aliwafundisha watoto wangu wiki tatu. Mgomo ulipokwisha nilirudi nikakuta ameacha chaki zimepangwa vizuri kwa rangi, na mwaka mzima sikumjibu salamu. Tulikuwa tukikutana njiani, ananiamkia kwa adabu, napita kama nimepita mti. Nilimwita msaliti, na kwa miaka mingi sikuona kosa langu. Sasa mimi ndiye niliyekuwa nikitafuta chaki.

Nililala vibaya siku hizo mbili. Mtoto alikuwa akiniuliza Jumatatu atasoma nini, na nani, nami ninamwambia tutaona. Kisha Jumapili, katikati ya misa, nikapata wazo ambalo lilinituliza moyo kabisa, na ndilo lililoharibu kila kitu.

Kwetu hakuna jambo la shule linaloanza bila mgeni wa heshima. Hata choo kikijengwa, anaalikwa mtu akate utepe. Na anayealikwa hualikwa kwa barua yenye muhuri, si kwa mdomo, na hupewa nafasi kwenye ratiba baada ya wimbo na kabla ya soda. Nikajiambia, kama nitamwalika mwalimu wa mtoto wangu aje kutufungulia masomo, basi sitakuwa nimekalia kiti cha mtu kwa siri. Nitakuwa nimemheshimu. Yeye mwenyewe atakuwa ametubariki, na mtoto atamwona, na ule uzi waliokuwa wakiusokota dirishani hautakatika. Nilimweleza mwenyekiti, akafurahi mno. Akaleta karatasi zenye nembo ya kikundi chetu na muhuri wa mviringo. Niliandika barua kwa Kiingereza changu cha ofisini. Nilimwomba afike Jumatano saa nne asubuhi kama mgeni wa heshima, afungue rasmi masomo, na atoe somo la kwanza.

Jumatatu asubuhi nilimvalisha mtoto koti, nikajaza chai ya maziwa kwenye chupa, nikaweka mandazi kwenye bakuli lenye kifuniko, tukaenda shuleni. Walimu walikuwa wakizunguka mbele ya lango na mabango shingoni, mwendo wa polepole, magari yakipita na kupiga honi. Theluji ya pembeni ilikuwa imechafuka. Mwalimu alipotuona aliacha mstari akaja mbio, akachuchumaa mbele ya mtoto. Hakumuuliza kitu, kama kawaida yake. Alimwambia tu kwamba paka amemwaga maziwa. Niliona kona ya mdomo wa mwanangu inasogea.

Chai ilipokewa kwa shangwe. Hapo ndipo nilipotoa bahasha, nikamkabidhi kwa mikono miwili.

Alivua glavu ili aifungue. Mwanzoni alitabasamu kwa sababu ya ule muhuri. Kisha akasoma, na nikaona tabasamu linabaki usoni huku macho yamekwisha ondoka. Akaanza kuikunja. Mama mmoja mwenye kizibao cha rangi ya machungwa, aliyekuwa msimamizi wa zamu yao, alikuwa amesimama nyuma yake, na alikuwa amesoma vya kutosha.

"Hii ni nini?" akauliza.

"Ni mwaliko," nikasema. "Tunamwalika kwa heshima."

"Mnamwalika afundishe. Wakati wa mgomo. Kwenye kanisa."

"Somo moja tu."

Nilijisikia nikisema maneno hayo. Nilikuwa nimesimama upande ule wa mstari mara mbili maishani mwangu. Kama mtu angekuja kwangu siku hizo na barua yenye muhuri akaniomba somo moja tu, ningeichana mbele yake. Nilijua. Nilijua siku zote, ila nilikuwa nimejitia hamnazo. Yule mama aliomba barua, akaipiga picha kwa simu yake, akamrudishia mwalimu. Walimu wawili waliokuwa wakinywa chai yangu waliweka vikombe juu ya ukuta. Mwalimu akaniambia kwa sauti ndogo, "Nitakupigia." Mtoto alikuwa akitutazama kwa zamu, mimi, yeye, yule mama, kisha mimi tena.

Hakunipigia. Kesho yake tulipokwenda hakuwepo. Niliambiwa amehamishiwa kwenye mstari wa shule nyingine ng'ambo ya mto Humber, na kwamba ameitwa na chama chake aeleze kama ni yeye aliyeomba kualikwa. Nilitaka kueleza, lakini kila niliyemwendea alikuwa amegeuza uso. Tulirudi nyumbani kwa miguu. Njia nzima mtoto alikuwa kimya, kama kawaida ya nje, nami sikushtuka. Nilishtuka tulipofika ndani, nikafunga mlango, nikangoja aanze kuongea, na hakuanza.

Alikula bila neno. Baba yake alikata kitunguu vibaya makusudi, akamwonyesha, na mtoto akatazama tu. Siku ya kwanza nilisema amechoka. Siku ya pili nilianza kumfuata chumba hadi chumba. Nilikuwa nikisimama nje ya mlango wa bafu nisikie kama anaongea na sabuni. Nimewahi kuogopa mambo mengi, yakiwemo yale mabomu ya machozi, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyouogopa ukimya wa nyumba ile. Mdomo mmoja tu ndio uliokuwa umebaki wazi kwa mtoto huyu, wa nyumbani, na sasa nao ulikuwa umefungwa. Na aliyeufunga ni mimi, japo sikujua hasa nimeufunga vipi.

Masomo ya kanisani yalianza Jumatano bila mgeni wa heshima. Mwenyekiti alifungua mwenyewe, akahutubia dakika arobaini. Nilikaa kwenye kiti cha mbele, mtoto wangu mstari wa pili, na nikafundisha hesabu za kugawanya. Nilifundisha vizuri, siwezi kudanganya. Mikono yangu ilikumbuka chaki, watoto wa watu walinyoosha mikono, na kwa nusu saa nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu niteremke kwenye ndege. Kisha nikamtazama mwanangu. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, kama mtu aliye ndani ya gari linalokwenda kasi.

Jioni hiyo nilipanda ghorofa mbili kwenda kwa bibi mmoja tunayemwita anti, Mgoa, Mhindi wa asili ya Goa, aliyezaliwa Nairobi na kufanya kazi ya ukarani katika mji huu hadi alipostaafu. Yeye hukaa na mtoto siku ninazochelewa. Nilimweleza habari ya barua. Alisikiliza huku akimenya kamba wa baharini, na Kiswahili chake ni kile cha zamani cha mjini, hakina haya.

"Wewe ulimpa yeye barua mbele ya watu?" akauliza. "Na stamp?"

"Ndiyo, anti."

"My girl, hiyo si heshima. Hapa hiyo ni ushahidi."

Nilicheka, halafu nikaanza kulia. Akaniacha nilie, akaendelea na kamba wake. Alipomaliza akanawa mikono, akaniambia kwamba alipofika hapa miaka ya sabini, watoto wa wageni, Wareno, Waitaliano, weusi, walikuwa wakisukumwa kwenda shule za ufundi bila wazazi kuulizwa, na kwamba wazazi walipoanza kufika kwenye mikutano na kukataa, waliosimama nao ni walimu kadhaa waliokuwa tayari kusemwa vibaya na wakubwa wao. "Wazazi peke yao, hakuna kitu," akasema. "Walimu peke yao, hakuna kitu pia. Wewe ulikuwa na mwalimu mmoja mzuri, ukaenda ukamwekea shida." Hakusema kwa ukali. Ingekuwa afadhali angesema kwa ukali.

Asubuhi nilimpigia mwenyekiti nikamwambia sitafundisha tena. "Mwalimu, unatuacha hivihivi?" akasema, na kwa mara ya kwanza jina lile halikunipendeza. Nikamwambia watoto wanaweza kuja kusoma vitabu na kucheza, wazazi wakae nao kwa zamu, lakini asiwepo mtu wa kujiita mwalimu. Alikubali shingo upande. Miezi kadhaa baadaye bado alikuwa akinisalimia kwa kifupi, na sikumlaumu.

Nilikwenda kwenye mstari bila chai na bila karatasi. Nilimwambia yule mama wa kizibao kwamba barua ilikuwa yangu, wazo langu, na kwamba mwalimu hakujua lolote, na nikamwambia pia kwamba nimewahi kugoma na nilipaswa kujua zaidi. Alinitazama. "Andika hayo," akasema. Nikaandika palepale juu ya ubavu wa gari lake, kwa kalamu iliyokuwa ikigoma kwa baridi, nikatia sahihi bila muhuri wowote. Kisha nikaomba kutembea nao. Hakukubali wala hakukataa. Nilizunguka nao kila asubuhi kwa siku nane kabla ya zamu yangu ya mchana, mtoto akiwa ameshika mfuko wa koti langu. Hakuna aliyenisifu. Siku ya tano mwalimu wa michezo alimpa mtoto kile kifuko kinachopasha mikono joto, naye akakipokea bila kutazama juu.

Nyumbani bado hakusema neno.

Mgomo ulikwisha kama ulivyoanza, kwa ujumbe wa simu. Kila upande ulisema umepata ulichotaka. Siku shule ilipofunguliwa nilimpeleka mtoto hadi mlangoni, na mwalimu alikuwa pale, amekonda kidogo. Mtoto aliingia ndani, akaenda kukaa, si kwenye meza ya dirishani bali nyuma kabisa. Mwalimu alimfuata kwa macho. Niliomba radhi kwa maneno niliyokuwa nimeyapanga siku nyingi, nayo yakatoka yamepindapinda. Alisema chama kilisoma barua yangu ya pili na mambo yamekwisha.

"Kuna kitu nilitaka kukuambia ile Ijumaa," akasema. "Niliona nikuhifadhie mpaka tuonane. Alisema sentensi nzima. Kwa sauti, siyo kunong'ona. Ya kwanza."

"Alisema nini?"

"Nilikuwa nimewaambia darasa kwamba Jumatatu sitakuwepo. Akaja mezani akaniambia, 'Mama yangu anaweza kuwa mwalimu.'"

Nilirudi nyumbani bila kujua nimepita njia gani. Alasiri alipotoka shule nilimkalisha juu ya kaunta ya jikoni, mahali anapopenda, nikamuuliza kama anakumbuka alichomwambia mwalimu. Alitazama miguu yake muda mrefu. Kisha akaongea, baada ya wiki mbili na siku kadhaa, kwa sauti iliyokwaruza kama mlango usiofunguliwa.

"Nilimwambia teacher, mum anaweza kuwa teacher. Halafu wakamtoa nje kwa baridi. Halafu ukampea ile letter, wakamtoa kabisa. Halafu ukakaa kwa kiti."

Miaka kumi na mmoja darasani, na sikuwa nimewahi kumwona mtoto akihesabu jambo kwa usahihi namna hiyo na kupata jibu la kutisha namna hiyo. Alikuwa amesema sentensi moja duniani, na kwa sentensi hiyo alikuwa amemfukuzisha kazi mtu aliyempenda na kumweka mama yake mahali pake. Nani angetaka kufungua mdomo tena? Nilimwambia si kweli, nikamweleza habari za chama na mgomo, mikutano na madai. Alinisikiliza kwa adabu. Niliona hanisadiki, na kwa nini anisadiki, wakati mimi ndiye niliyekaa kwa kiti.

Kesho yake niliomba ruhusa ya dakika mbili kabla ya kengele. Walikuwepo mwalimu, mtoto, na mimi. Nilichuchumaa kama mwalimu anavyochuchumaa, magoti yakalia. Nilikuwa sijawahi kusema maneno yale kwa mtu yeyote wa nchi hii, hata kwa mume wangu tukiwa peke yetu. Kila aliyeniuliza nilimwambia nasubiri karatasi. Nikamwambia mwanangu kwa Kiingereza, ili mwalimu asikie na mtoto aone kwamba amesikia, "Huyu ndiye mwalimu wako. Mimi si mwalimu hapa. Kazi yangu ni kuwaosha wazee. Hakuna aliyemtoa kwa ajili yako, na mimi siji kukaa kwenye kiti chake." Niliogopa ataona ni uongo. Aliondoka akaenda kwenye meza ya dirishani, akakaa, na mimi nikaenda kazini nikiwa mwepesi na nikiwa na hasira, sijui na nani.

Wiki zilizobaki sikupata usingizi wa maana. Alianza tena kunong'ona, neno mojamoja, na nyumbani akarudia kugombana na baba yake. Lakini mtaalamu alikuwa mtu mgeni, na kwa mgeni hakuwahi kutoa sauti hata siku moja.

Alikuja Jumanne, mama wa makamo mwenye faili la kijani. Mzazi hakuruhusiwa kuingia. Nilikaa kwenye korido juu ya kiti cha mtoto, magoti karibu na kidevu, mlango ukiwa umeachwa wazi kidogo. Nilimsikia akionyesha picha na kuuliza kuna nini hapa. Kimya. Akauliza habari za shule. Kimya. Akauliza habari za paka, maana mwalimu alikuwa amemdokezea, na hapo pia ikawa kimya. Nilikuwa nimeshika mkoba wangu kwa nguvu hadi vidole vikafa ganzi, nikiwaza lile basi dogo la asubuhi.

"Nani amekuleta leo?" mgeni akauliza, kama mtu aliyekata tamaa.

Kiti kilisogea. Kisha nikasikia sauti niijuayo kutoka jikoni kwangu, haikuwa kubwa, lakini ilifika hadi korido.

"Mama yangu. Si mwalimu."

"Oh. Basi anafanya kazi gani?"

"Anaosha wazee."

Nililia pale kwenye kile kiti, kwa furaha, na kwa kitu kingine kilichoniuma chini ya furaha. Ndani nilisikia kalamu ya mgeni ikianza kuandika. Nilitaka aandike yote, neno kwa neno.